Nyekundu Inayokufa Mchana

Jumatatu, 4 Agosti 2003
Joto la kufa mtu. Leiden yote inanuka mfereji. Vioo vyetu vya kupimia jeni vimepingana tena na vya kununua! Saratani ileile, jeni zilezile. Vya kununua vinasema jeni sabini zinapiga kelele ndani ya uvimbe. Vyetu — kimya. Profesa Terpstra kafurahi: vya kununua vinatia chumvi, eti. Mashine ya kuchapa vioo vyetu aliiunda mwenyewe, nani atamgusa? Makala inatumwa jaridani wiki ijayo, jina langu likiwa la kwanza.

Jumatano, 6 Agosti
Uvimbe tunautia rangi nyekundu, nyama yenye afya kijani. Leo kioo kimoja nimekipitisha mara mbili kwenye skana inayosoma rangi. Asubuhi nukta nyekundu tele. Baada ya chakula — kijani kitupu! Kioo hichohicho! Maaike, fundi wetu, akaniuliza nilikiweka wapi. Dirishani, kama sote. Dirisha wazi, hewa safi, ndivyo tulivyolelewa. Basi joto hili linaleta gesi ya ozoni, na ozoni inakula nyekundu. Vya kununua vina rangi nyingine, haviguswi. Vioo vyetu vyote tulivipima kiangazi hiki! Nimepiga teke pipa la taka.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimemwambia Profesa. Hata macho hakuinua. Mwanga wa skana ndio umefifisha rangi, kasema. Na hewa safi haijaua mtu, Jitske.
Mpumbavu!

Ijumaa, 8 Agosti
Makala imeshatumwa. Jana! Hakuniambia. Nikamwambia afute jina langu. Akajibu kwa upole: jina likitoka, na kiti chako maabara kinatoka. Upole ule ndio ulionichoma. Sampuli imebaki ya mgonjwa mmoja, tone moja. Nitalipima madirisha yamefungwa. Nyekundu ikitokea, nawaandikia wahariri mwenyewe.

Jumanne, 12 Agosti
Siku ya kuzaliwa ya Maaike. Wote wamekaa duara chumba cha pili, wanapongezana kama desturi na kula keki. Sijaenda. Madirisha nimeyafunga kwa utepe, jasho linanitiririka. Kioo chenye lile tone la mwisho nimekiosha sasa hivi, kiko mezani. Skana inapata moto — dakika nne iwe tayari.
Maaike anapiga kelele: Profesa, mwache huyo, ana kazi!
Profesa kaingia. Kisahani cha keki mkononi, kaniletea mimi. Anacheka. Mtoto wewe, utakufa humu! Namwambia asiguse. Namwambia tena. Anabandua utepe wa dirisha —