Karatasi ya Jina Yenye Kukatazwa

Jumatatu, 8 Mai 1972

Leo Casimir aliingia mu ofisi bila kusalimia muntu. Kufika tu, akasema ye haiko tena Casimir. Ni citoyen Ngosa, mwananchi. Majina ya ubatizo inakatazwa inchi nzima, tunajua, radio inatupigia ile mambo tangu mwaka kuanza – lakini ye alingoja mpaka Directeur amutupie jicho. Mwoga!

Kiisha akafungua ile armoire kubwa ya chuma. Mule ndani karatasi ya en-tête inapangwa mpaka juu kabisa. Kila moja iko na jina ya société, ile kampuni yetu, na "République Démocratique du Congo", na "Katanga", na pembeni "Casimir Ngosa, Chef de Service". Congo hakuna tena, ni Zaïre. Katanga hakuna tena, ni Shaba. Casimir, muliisha kusikia. Basi yote itupwe! Karatasi nyeupe pe, nzito, inatoka Ulaya na meli na treni, nyuma yake hakuna hata doa.

Nikauliza: Chef, hatuwezi kukata tu kile kipande ya juu? Akaniangalia sawa vile nimemwomba suruali yake. Akasema citoyenne Rabia, wewe uko dactylo, piga mashini.

Nikapiga. Circulaire ya kutangaza kama karatasi ya zamani haina kazi tena. Copies kumi na mbili. Na niliipiga juu ya karatasi gani? Ya zamani – mpya haijafika! Hakuna hata mumoja mwenye alicheka. Ofisi ya bapumbafu.

Jumatano, 10 Mai

Chola, planton yetu, mutumishi wa ofisi, njo anachoma. Kule nyuma, mu mapipa, karibu na kijito. Lakini karatasi ikikuwa rundo haiwaki vizuri. Inaungua pembeni, katikati inabaki nyeupe. Upepo ya kiangazi inabeba ile nusu-nusu mpaka barabarani. Majivu inaanguka mu bukari ya bamama benye banauzisha chakula pa mulango. Mama mumoja alimutukana Chola, na baba yake, na babu yake. Chola akamujibu: enda uulize Chama. Mama akafunika sufuria.

Yenye haiungui, Chola anaisukuma mu maji na muti. Sasa pale pa daraja ndogo imeziba. Maji inasimama, nyeusi, inanuka, na mbu itakuya kufanya mukutano yake pale. Moshi ya mashini ya shaba tunakula kila siku ya Mungu, haikutosha, sherti tuongeze yetu.

Chef alipita, leso pa pua. Akaangalia ile kazi. "C'est propre," akasema. Propre, eti safi! Nilirudi kwetu Bel-Air macho nyekundu, na majivu mu nywele.

Jumamosi, 13 Mai

Nimeona leo kwa jirani. Albertine anawasha mbabula, jiko ya makala – na nini? Na ile en-tête! Bwana yake, Bwalya, iko mu comptabilité, ofisi ya hesabu ya société yetu. Kila juma anabeba ku nyumba mufuko muzima. Albertine anakunja karatasi nyeupe, anaweka chini ya makala, chai ya asubuhi. Anatandika mu étagère ya sahani. Anapangusa nayo mutoto matako. Nikamwambia hii ni karatasi nzuri, dada, batoto bangeandika juu yake. Akasema: "Rabia, ni ya État, ya Serikali. Si ya baba yako." Na mutoto mugongoni, anatafuna kipande ya Katanga.

Na ku lupango yetu, ku nyumba, ni ingine. Mama yangu, Habiba, anaokota kila karatasi yenye iko na maandiko. Chini, mu fosé ya maji, popote. Anaogopa jina ya Mungu isikanyagwe. Anaipangusa, anaibusu, anatia mu kopo. Nikamwambia Mama, hii ni tangazo ya pombe! Akasema, unajua yote yenye iko mule? Kopo inajaa, anatafuta ingine.

Basi njo vile. Huku banachoma, huku banabusu. Mwenye kuandika hakuna.

Ijumaa, 19 Mai

Adija alirudi ku masomo, ku shule, analia. Mutoto yangu halii bule. Mwalimu Nkandu amewaambia: masomo haina tena karatasi. Kwa examen, mutihani ya mwaka wa sita, kila mutoto alete yake, la sivyo hataandika. Na ku maduka hakuna. Cahier moja, daftari tu, imefichwa sawa almasi, na bei yake ni matusi.

Adija ni wa kwanza mu kilasi. Ninasema bila haya, nani atanisikia? Bila hii examen hakuna secondaire. Na shemeji Yuma, mukubwa ya marehemu bwana yangu, aliisha kutoa maneno yake: mutoto akikosa secondaire, aende ku duka yake, apime chumvi na kuhesabu sabuni mpaka apate bwana. Alisema akitabasamu, na meno yake ya zahabu. Nitamulisha ile chumvi kwanza!

Nilicheka mpaka Mama akauliza kama niko mugonjwa. Ku kazi Chola anachoma karatasi tangu juma mbili, na hapa mutoto yangu analia karatasi.

Jumanne, 23 Mai

Nimefanya. Nilimwomba Chola, Chola akageuka kuangalia ndege. Nikafunga bunda ya karatasi pa tumbo, chini ya kitenge. Nilitoka mu ofisi na mimba ya miezi sita – na Ngosa akanifungulia mulango! "Attention aux marches, citoyenne." Eti nichunge ngazi. Haoni kintu, yule. Ungepitisha tembo.

Albertine tu njo aliona. Pa kona ya barabara yetu. "Ee, Rabia! Mujane na tumbo!" Akacheka, meno yote inje. Nikacheka na miye. Mbwa.

Nikapeleka kwa mwalimu Nkandu. Muntu mwembamba, shati moja, anashukuru mpaka unachoka. Akageuza karatasi, akaona mbele, akakohoa. "Mama Adija, haya majina..." Nikamwambia, mwalimu, batoto bataandika nyuma, mbele nani ataangalia? Akafikiri kidogo. Kiisha akasema aksanti mama, aksanti sana, akaweka chini ya kitanda yake.

Ijumaa, 2 Juin

En-tête mpya imefika! Zaïre, Shaba, citoyen, yote iko. Lakini ku imprimerie, kule banachapa, balikosa rangi nyekundu: mwenge ya Chama inatoka nyeusi, sawa kuni yenye kuzimika. Directeur alipiga kelele mpaka chini. Yote inarudi ku mapipa. Chola anacheka peke yake. Miti ngapi ilianguka kwa hii upumbafu, na kwetu hapa miti yenyewe banaimaliza na makala, sasa makala unaifuata mbali kabisa.

Jumatatu, 12 Juin

Examen. Adija anasema ilikuwa nyepesi. "Nyepesi sana, Mama, nilimaliza nikasoma ya mbele." Nilimupiga kidogo pa kichwa. Tulikula kapenta na sombe, na Mama alicheza, na miguu yake yenye kuvimba.

Alhamisi, 15 Juin

Wamefuta!

Inspecteur alikuya jana ku masomo na muntu wa Chama. Inspecteur alikuwa anasoma nyuma, anafurahi. Muntu wa Chama – hesabu hajui, majibu hajui – ye akageuza. Akaona Congo. Akaona Katanga. Akaona Casimir. Adija anasema alirusha ile karatasi chini sawa nyoka. Akapiga kelele: batoto ba Révolution banaandika mugongoni mwa Katanga! Nani anabafundisha hii? Nani alitoa hii?

Examen yote imefutwa. Kilasi nzima. Wamesema: jina kwanza, examen ingine nyuma. Kama jina haitoki, kilasi inarudia mwaka. Na Nkandu amesimamishwa kazi mpaka aseme. Ye anasema aliiokota. Aliokota wapi? Chini. Chini wapi? Chini tu. Ile ni jibu ya mutoto wa kwanza primaire, lakini ameikazia.

Mukubwa muzima, na cravate, tai pa shingo – hapana, cravate imekatazwa – na koti yake yenye kufungwa mpaka shingo, anaogopa kipande ya karatasi yenye baliisha kuchoma nusu yake! Kama Katanga ingeweza kurudi kupitia mu examen ya hesabu ya batoto, ingekuwa imerudi zamani.

Adija hakukula. Anajua karatasi ilitoka wapi, aliona nikiifungua pa tumbo yangu ku nyumba. Akaniuliza: Mama, utasema? Nikamwambia kula. Akasema lakini utasema? Nikamwambia kula, bukari inapoa. Shemeji Yuma alipita magaribi, alisikia habari, akatabasamu. Sikumupa kiti.

Nikisema, kazi imekwisha. Na kazi yangu njo inalisha bantu tatu. Nikinyamaza, Adija anapima chumvi. Nimelala vibaya, na niko na hasira na Nkandu kwa kuwa muzuri.

Jumatatu, 19 Juin, saa ya pause, mapumziko

Naandika hapa pa meza ya mashini, mulango imefungwa. Ngosa alienda kula, atarudi saa nane.

Asubuhi balimwita mwalimu Nkandu hapa ku société. Walijua karatasi ilitoka kwetu, jina yetu iko juu yake, hata kipofu angejua. Anakaa pa banc mu couloir, inje ya mulango yetu, kofia juu ya magoti, tangu saa mbili. Hakuna mwenye alimupa maji. Nilipita mbele yake, akasema polepole, bila kuinua macho: "Mama Adija, miye niliokota. Usiongeze neno." Upole ingine unataka kuipiga kofi! Batoto yake batakula upole?

Kiisha Ngosa akaniita. Kila muntu mwenye alishika karatasi ya zamani aandike explication, aeleze aliipeleka wapi. Miye, Chola, bantu ba comptabilité. Na vile dactylo ni mumoja mu service, miye njo nitapiga yote. Na yangu ndani. Copies kumi na mbili ya kesi yangu mwenyewe!

Nilianza na yangu. Sikufikiri, ningefikiri, singepiga. Na Kifaransa safi nikasema: miye Rabia, dactylo, njo nilitoa karatasi, nikaipeleka ku masomo, mwalimu hana kosa. Nikatia saini. Nikamupelekea.

Ngosa akashika, akaangalia juu. Juu tu. Nilikuwa nimeandika "Monsieur le Chef de Service". Vidole ya zamani! Akafura sawa chura. Monsieur imekatazwa, nilikwambia mara ngapi, ni Citoyen, unataka kunifungisha? Akapasua. Zote kumi na mbili, pamoja na karatasi ya kaboni, akatupa mu kitunga. Hakushuka hata mustari ya pili. Kosa yangu kubwa ilikuwa pale, na saini, na ye alikuwa anatafuta Monsieur! "Recommencez," akasema, nianze tena. Akavaa koti, akaenda kula.

Nilibaki kusimama. Nilitaka kucheka. Kiisha nikajisikia mwepesi – na ile njo inaniudhi. Mwepesi sawa muntu mwenye kesi yake imekufa. Nilisema, si nilisema? Nilisema na saini. Kama hawa wanapasua bila kusoma, dhambi ni yangu?

Nikatia karatasi ingine mu mashini. "Citoyen Chef de Service", sawasawa, mu katikati. Kiisha vidole vikaanza vyenyewe. Nimepiga kama bantu ba comptabilité, Bwalya wa kwanza, banabeba karatasi ya zamani ku nyumba kila juma, mufuko muzima, na Bel-Air yote inajua. Jina yangu sikuitia. Ni kweli! Hakuna uongo hata moja mule. Chai ya Albertine inachemka juu ya ile karatasi, nani hajaona? Bwalya iko na ndugu mu Chama. Watamutisha kidogo, watamuacha. Labda. Na mwalimu atarudi ku kilasi, na batoto bataandika, na Adija ataenda secondaire, na yule mwanamke mwenye meno inje atajifunza karatasi ni nini. Yule na kitoto yake mugongoni.

Nimesoma tena. Kifaransa safi, kosa hakuna. Ngosa hatapata kitu ya kupasua.

Nkandu anakohoa mu couloir. Anaendelea kungoja, na jina yangu amefunga mu kinywa. Vipande yangu iko mu kitunga hapa pa miguu, saini inaonekana. Viatu ya Ngosa inapanda escalier, ngazi moja-moja. Karatasi iko bado mu mashini, na jina ya Bwalya iko pale, majuscule, herufi kubwa yote, copies kumi na mbili.