Goti Lisilouma

Ifakara, Jumatatu, mwezi wa tano, 1997. Mvua tangu alfajiri.

Uwanja wetu wa kikapu umejaa maji na mazoezi ya jioni yameahirishwa. Wenzangu wamenung'unika. Mimi nimemshukuru Mungu, maana leo sina uso wa kumtazama mtu.

Niandike tangu mwanzo. Nikirukaruka nitaanza kujidanganya na mimi mwenyewe.

Sekondari mimi ndiye niliyekuwa timu. Sijisifu, hata walionichukia walikubali. Shabaha niliitoa shambani. Tangu nina miaka sita nilikuwa nakaa dunguni na mama kila msimu wa mpunga, juu ya kile kichanja chetu cha miti, nikirusha udongo kwa kombeo kufukuza ndege. Aliyezoea kulenga ndege anayeruka hashindwi na kikapu kilichosimama. Nilipochaguliwa kuja chuo hiki cha uganga wa hospitali, mwalimu wa michezo alinijua jina kabla sijafungua begi.

Kisha mwaka huu akaja Hamidu.

Baba yake ana duka la vitambaa hapa hapa mjini, ila kikapu amejifunzia Dar es Salaam kwa mjomba wake. Anachezesha timu kama mama anayepakua wali, kila mtu anapata sehemu yake na hakuna wa kulalamika. Tangu Januari namtafutia kasoro. Nimepata moja tu, usiku bwenini anakoroma.

Wiki mbili kabla ya mechi na timu ya Kidatu, Mwalimu aliniita pembeni. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza zaidi. "Deo, kuanzia sasa Hamidu ndiye ataongoza. Wewe utaingia wenzako wakichoka. Na mkiwa wote ndani, kazi yako ni kumpa mpira." Nikajibu, "Sawa, Mwalimu." Halafu nikaenda nyuma ya bwalo nikalia kama mtoto aliyenyang'anywa muwa.

Laiti ingekuwa hilo tu.

Sikukuu ya Pasaka nilikuwa nimemwalika mama. Hajawahi kuniona nikicheza hata siku moja. Tangu baba afariki analima peke yake ng'ambo ya mto, na mechi zetu kubwa huangukia wakati mpunga unaanza kukomaa. Wakati huo ndege wanashuka alfajiri na jioni, na mtu haondoki dunguni hata kwa msiba bila kuacha wa kumshikia zamu. Majirani nao kila mmoja ana majaruba yake. Mimi yote hayo nayajua, nimekulia humo. Bado nikamwambia, "Mama, mwaka huu njoo uone mwanao anavyoshangiliwa."

Akacheka. Akasema, "Nitakuja, baba. Ndege nao wana haki ya kula siku moja."

Nilikuwa na siku kumi na nne za kumzuia. Baba Tina, muuza samaki, anavuka mto na baiskeli yake karibu kila siku na anapita pembeni mwa shamba letu. Ilikuwa ni kumwambia tu, "Mwambie mama asije." Niliandika barua mara mbili, mara mbili nikaichana. Nilijiambia labda Hamidu ataugua malaria. Niliomba hivyo, tena kanisani, nimepiga magoti.

Hakuugua.

Jumamosi mama alifika saa sita mchana. Alikuwa ameondoka shambani giza halijaisha ili awahi pantoni. Amevaa kile kitenge cha Misa, miguu ina tope mpaka chini ya magoti. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia huku ananipapasa mabega kama anayepima ng'ombe mnadani. Akatandika kanga karibu na ukuta wa jikoni, katikati ya akina mama wa mjini asiowajua. Dakika haikupita alishawajua wote.

Timu ikaingia. Mimi nikabaki kwenye benchi.

Nilimsikia akiwaambia, "Yule wangu ni wa pale, wa jezi namba saba. Anaingia sasa hivi." Baada ya muda akasema tena, "Sasa hivi." Nusu ya kwanza ikaisha. Hakusema tena. Nilikuwa nimeinamisha kichwa nafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

Niliingizwa zikiwa zimebaki dakika nane. Nikafanya nilichoambiwa. Nikakimbia, na kila nikipata mpira nampa Hamidu. Sekunde za mwisho tulikuwa nyuma kwa pointi moja na mpira ukanifikia mimi, upande wa kushoto, peke yangu kabisa. Mkono wangu ulikuwa unaijua ile nafasi tangu utotoni. Hamidu naye alikuwa chini ya kikapu, hana wa kumkaba.

Nikampa. Akafunga.

Uwanja ulilipuka. Hamidu akabebwa juu juu. Mama naye alikuwa anapiga vigelegele kwa ajili ya mtoto wa mwenzake, huku macho yake yananitafuta mimi.

Baadaye akaniuliza taratibu, ili watu wasisikie, "Baba, mbona ulikuwa umekaa? Unaumwa?"

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi yangu ya pili ya kusema kweli. Nikasema, "Goti, mama. Goti linanisumbua."

Akafurahi! Namaanisha alihuzunika, lakini niliona kitu kimelegea usoni mwake. Kumbe mwanawe ni mgonjwa tu, siyo kwamba hatakiwi. Alilala kwa mama mdogo kwa sababu pantoni ilikuwa imeshafungwa. Jumapili akasali Misa ya kwanza, akaniambia goti amelikabidhi kwa Bikira Maria, akaondoka. Alfajiri mbili na jioni moja, shamba halina mtu.

Leo mchana Baba Tina amekuja hapa bwenini, ameloa chapachapa. Ameniletea mfuko na chupa. "Mama yako anakusalimu. Lile jaruba la juu ndege wamelimaliza, Deo. Limebaki majani. Amekwangua mabaki akatengeneza pepeta, ndiyo hii." Pepeta ni mpunga mchanga uliokaangwa na kutwangwa, nimeipenda tangu utotoni na yeye anajua. "Na hii ni dawa ya goti, upake asubuhi na jioni. Amesema usicheze mpaka lipone."

Nikamwambia Jumamosi nitakwenda kumsaidia mama kuamia ndege jaruba la chini. Akatikisa kichwa. "Hapana. Amesisitiza sana usije. Kule ni kukimbia na kupanda dunguni, utaliharibu goti. Atajitahidi mwenyewe."

Wahenga wanasema njia ya mwongo fupi. Yangu imeishia ukingoni mwa shamba letu, na mimi nimezuiwa kuingia.

Hamidu alikuwepo, akasikia kila kitu. Hakuniuliza goti lipi, ingawa ananiona kila siku nikiruka ngazi tatu tatu. Alichota pepeta, akatafuna, akasema, "Mama ana mkono, ndugu yangu." Kisha akasema ile pasi yangu ilikuwa nusu ya kikapu. Alisema kwa dhati. Kama angenicheka ningepata angalau wa kumchukia.

Sijui kama bado napenda mchezo huu. Najua nilitaka kushangiliwa kuliko nilivyotaka mama ashibe. Nikiandika hivyo naona aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa, na jaruba halitarudi.

Jumamosi nitavuka. Nitamwambia mama kwamba nimewekwa benchi, kwamba sikuwa na ugonjwa wowote, kwamba aliacha mpunga wake aje kumtazama mtu akimpa mwenzake mpira. Nimeifanyia mazoezi sentensi ya kwanza tangu alasiri. Bado inaanza na neno goti. Je, mbele yake nitapata nyingine?

Mvua haijakatika. Nimefungua ile chupa. Mafuta ya ufuta, mizizi ambayo hata sisi tunaosomea uganga hatuifundishwi, na pilipili nyingi. Nimepandisha suruali nikapaka goti la kulia, kisha nikakumbuka sikumwambia ni lipi, nikapaka na la kushoto.

Yanawaka moto yote mawili.