Mashine Mpya Haitaki Kupasha Githeri

Jumanne jioni. Baridi ya Julai imekataa kuondoka, na manyunyu yametuandama pale saiti ya ujenzi, Murera, tangu asubuhi. Lakini mimi leo sikuhisi baridi, maana nilikuwa ndani ya eskaveta mpya ya kuchimbia mitaro, na kibanda chake kina hita.

Hita, shajara!

Ile ya zamani dirisha lake moja ni gunia. Hii ina skrini kama televisheni ndogo. Unaiambia unataka mtaro wa kina gani, na baketi ikifika hapo inakataa kushuka. Nilijaribu kuilazimisha, nione. Ikakataa. Nikaijia kwa ujanja upande wa pili, ikakataa vilevile, nikacheka peke yangu. Zamani mtu alikuwa anashuka mtaroni na kijiti cha kupimia, huku mimi nikiomba kuta zisimporomokee. Leo hakuna aliyeshuka. Mgala muue na haki yake mpe: hii mashine inajua kazi.

Tena inapima uzito wa kila baketi ya udongo ninayopakia kwenye lori. Mizani sikuiona popote, na nimeizunguka nikitafuta. Injinia wetu, kijana mpole, alinieleza kwamba inasoma nguvu ya mafuta yanayosukuma mkono wake. Nilikaa nikiliwaza hilo mpaka chai ya saa nne ikapoa.

Sasa shida ni hii. Ile ya zamani inauzwa, mpya ni moja, na waendeshaji tuko wawili. Leo nimejaribiwa mimi, kesho ni Mzee Gathogo. Atakayefanya vizuri atapewa kiti. Mwingine ataenda nyumbani kungoja saiti nyingine, na saiti siku hizi ni za kutafuta kwa tochi. Mzee Gathogo ndiye aliyenifundisha kazi hii, wakati wengine walikuwa wakiniuliza kama nimepotea njia ya jikoni.

Pale saiti tuna desturi yetu. Saa saba mikebe ya chakula hupangwa juu ya kifuniko cha injini, githeri ya huyu ya mahindi na maharagwe, waru za yule, yaani viazi, na mwendeshaji huacha injini ikinguruma mpaka kila kitu kipate moto. Hakuna anayeomba ruhusa. Ukikalia kiti, wewe ndiye jiko.

Mashine mpya haijui mambo hayo. Ikikaa dakika chache bila kazi, inajizima yenyewe. Watu walinitazama. Nikaiwasha, ikajizima tena. Kisha nikagundua kwamba nikigusa leva kidogo, baketi ipande na kushuka, inadhani tuko kazini na injini inaendelea. Nilifanya hivyo mpaka githeri ikatoa mvuke. Nilifurahi sana. Niliwaonyesha wote, na nikamwambia Mzee Gathogo, aliyekuwa amekaa kando akila, kwamba kesho afanye hivyohivyo. Alisema nina akili.

Saa kumi injinia akaniita.

"Nyambura, saa saba ulikuwa unabeba nini?"

Kumbe mashine inatuma kila kitu kwenye simu yake. Baketi imepanda na kushuka saa nzima ya chakula, uzito hakuna, mafuta yameungua bure. Nilimwambia ukweli, kwamba nilikuwa napasha githeri. Alicheka mpaka akafuta macho. Halafu akaacha kucheka. Alisema yeye ananielewa, lakini mwenye mashine hafiki saiti. Ataangalia ripoti ya leo na ya kesho, kisha achague.

"Na githeri haionekani hapa," akasema, akinionyesha simu.

Nimefika nyumbani, mtaa wa Landless, nimevua gambuti, nimekaa kitandani bila kuwasha jiko. Jambo lenyewe ni rahisi kulieleza. Nikinyamaza, kesho watu watapanga mikebe yao, na Mzee atafanya kosa langu, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha. Tutakuwa sawa. Nikimwambia, ripoti yake itakuwa safi kuliko yangu.

Na si kwamba ningemdanganya. Ningenyamaza tu. Nimeona aibu kwa jinsi wazo hilo lilivyonikalia vizuri.

Nimempigia.

Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Nilisikia mtu akiosha vyombo nyuma yake, mkewe nadhani.

"Na ripoti yako washaiona?" akauliza.

"Washaiona, Mzee."



"Haya, maitũ," akasema, akiniita mama kwa Kikuyu. "Basi kesho wakule baridi."

Akanishukuru, akaniuliza watoto wanaendeleaje, tukaagana.

Nilifikiri baada ya simu hiyo ningepata ile amani tunayoambiwa kanisani. Sijaipata. Ninampenda yule mzee, na bado nakitaka kile kiti. Nakitaka kuliko nilivyokitaka asubuhi, kabla sijakikalia. Kesho atakikalia yeye, nami nitakuwa chini na wengine, na mkebe wangu baridi, nikiomba afanye kazi vizuri. Je, nitaweza kuomba hivyo na kumaanisha?