Sauti Moja Isiyokatika

Mwaka umepinduka, binti yetu Mikono Minne, tangu siku ile kinanda cha kanisa kilipolia alasiri nzima bila mkono wako.

Ulikuwa fundi cherehani na mpiga kinanda wa kanisa, mpole hata kwa mteja aliyerudisha suruali ileile mara tatu apunguziwe kiuno. Jina la Mikono Minne ulilipata kwa sababu miguu yako nayo ilijua kupiga. Mezani ilihangaika kutafuta pedali za kinanda mpaka chai ikamwagika, na baba yako akauliza kama alizaa binti au farasi.

Siku zile ulikuwa unaandaa sehemu ya polepole ya sonata moja, muziki wa kinanda wa zamani, ndefu, yenye kilio ndani yake. Bomba moja, kati ya yale yanayotoa sauti za kinanda, lilikuwa limepinda sauti. Mwalimu wa kwaya akasema hakuna atakayesikia.

"Mimi nitasikia, kaka," ukamjibu.

Kurekebisha bomba kunataka watu wawili: mmoja abonyeze kitufe chini ili bomba lilie, mwenzake apande ndani kwenye mabomba. Mwalimu aliahidi kuja, hakutokea. Ukachukua jiwe la kunolea visu jikoni kwa mama yako, ukakandamizia kitufe, ukapanda peke yako ngazi ambayo wazee wa kanisa kila siku walisema itabadilishwa kesho.

Ngazi ikakatika. Sauti haikukatika.

Mama yako alikuja na chakula chako, akaisikia tangu mlangoni. Mlinzi akamzuia kwa upole: "Mwache, mama. Si unasikia yuko kazini?" Akakaa kwenye benchi, bakuli mapajani, mpaka chakula kikapoa. Daktari alisema ungewahiwa, ungepona.

Mazishini wazee walikusifu sana. Ngazi mpya nayo ikaletwa upesi. Kumbe iliwezekana.

Nanyi wenye watoto wa kazi hii ya kinanda, sikieni: mtoto asipande peke yake, hata kama ni mjuzi namna gani. Na mkisikia sauti moja tu, haipandi wala haishuki, msikae kungoja. Kimbieni mkamwone. Huyo hapigi kinanda.

Jiwe lilirudi jikoni. Visu vyetu ni butu, na viwe butu.

Unakumbukwa na mama yako, baba yako, dada yako na shemeji, shangazi, wajomba, na mafundi wenzako wa cherehani. Tutakukumbuka leo na kesho, mwanetu. Na kesho yetu si kama ile ya wazee wa kanisa.