Kadi Mbili za Rangi

Jumanne, 4 Machi

Bibie, binti yetu, ana siku mbili tangu azaliwe. Leo nimemwangalia karibu na dirisha — weupe wa macho una manjano. Kidogo tu. Mama mtoto ananicheka: mchanganya rangi wewe, kila kitu unakiona kopo! Huenda. Miaka kumi na moja kwenye duka la rangi si mchezo. Lakini sijatulia.

Jumatano, 5 Machi

Mama mkwe naye kayaona. Alimbonyeza fizi, zikabaki na manjano, akachukua khanga yake.

Tukaenda kliniki. Ukutani pana kadi: nyuso sita za vichanga, kuanzia waridi hadi manjano. Wote weupe. Muuguzi akamweka binti yangu kando ya kadi, akatafuta rangi yake humo, hakuipata. Eti hana manjano, weusi ndivyo mlivyo, mnyonyesheni atakuwa sawa. Nikamwomba atazame macho. Akaniambia baba, punguza wasiwasi.

Mtoto aliyetutangulia, mweupe, alipimwa damu palepale akapelekwa kwenye taa ya bluu, ile ya kutibu manjano. Manjano yake hafifu kuliko ya Bibie. Naapa. Rangi ndiyo kazi yangu.

Sikubishana. Niliogopa kuonekana mkorofi. Njia nzima nimejikasirikia.

Alhamisi, 6 Machi

Ananyonya mara mbili tatu, analala. Mama mtoto hacheki tena.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi hakuamka kunyonya. Tuko hospitali kubwa, naandikia kwenye benchi la korido.

Nilikuja na kadi ya dukani, ile ya kuwaonyesha wateja rangi. Muuguzi wa mapokezi alianza wimbo uleule: mbona ngozi haionyeshi kitu. Nikalifunua jicho la mtoto, nikaweka kipande cha manjano, namba kumi na nne, kando yake. Pacha kabisa. Daktari aliyekuwa akipita akasimama. Akauliza yameanza lini.

Nikamfungulia daftari hili. Jumanne.

Akasoma na Jumatano yote, mpaka pale nilipoandika sikubishana. Akamchukua Bibie, akaondoka karibu anakimbia kwenda chumba cha taa ya bluu, mama mtoto nyuma yake. Mimi na mama mkwe tumeambiwa tusubiri. Naona aibu, na naogopa.

Sasa hivi muuguzi wa mapokezi amekuja, hanitazami usoni. Anaomba ile kadi. Kuna kichanga mwingine mlangoni, mweusi kama wetu.

Nimempa. Chumba cha taa bado kimefungwa, Bibie yumo ndani.