Mshale Uliposhuka

Baba, shikamoo.

Mjukuu wako ameng'oka jino la pili, na kule gereji bado wananiita Mama Spana.

Mkweo alifunga turbo kwenye gari letu ili lipate mbio, akaacha pampu ya mafuta ya zamani. Likaanza kukohoa milimani. Jumanne nilifunga geji ya presha ya mafuta kwenye kioo cha mbele, tukaenda kulijaribu. Tulipokuwa tumesimama, geji ilisoma tatu. Alipokanyaga mafuta kulipita lori, mshale ukashuka hadi moja, injini ikaishiwa nguvu, na basi linatujia uso kwa uso. Tulipona chupuchupu.

"Pampu haitoshi," nikamwambia. "Tuliegeshe mpaka tubadilishe."

"Fundi gani anaogopa mshale?" Akacheka.

Leo asubuhi alimpeleka mtoto shule na gari hilohilo. Nilikaa kizingitini mpaka waliporudi mchana. Anasema kesho watakwenda nalo tena.

Baba, ufunguo wa gari ni huo ndani ya bahasha. Hana mwingine, na bado hajajua. Akikupigia simu, usimrudishie mpaka nikuambie pampu mpya imefungwa.

Ni mimi mwanao, fundi mwoga.