Kadi Ishirini kwenye Kikapu cha Kahawa

Mwanangu Kemilembe ana kadi yake ya biashara. Ina jina lake, ina kazi yake, Mpima Ardhi, ina namba yake ya simu, na karatasi yenyewe ni ngumu, ukiigonga kwa ukucha inalia.

Sijasalimia, najua. Salamu zinaweza kungoja, hili halikuweza.

Leo ni Jumatano. Hapa Izigo mvua imenyesha tangu alfajiri, na sasa imebaki ile ya kudondoka kwenye majani ya migomba. Senene, panzi wetu wa kuliwa, bado ni wachache, watoto wanawafukuza kwenye majani wanarudi na nusu kikombe. Nimekaa barazani na simu, naandika kwa kidole gumba kama Kemi alivyonifundisha siku aliponifungulia ukurasa huu. Mimi ni darasa la saba tu. Lakini darasa la saba la zamani lilikuwa na watu.

Nina fahari moja na aibu moja. Naanza na fahari, maana ndiyo niliyoizoea.

Miaka ile nilikuwa na mgahawa Muleba mjini, kando ya barabara, pale magari yanayotoka Bukoba yalipopenda kusimama watu wakanywa chai. Ndizi zangu kwa samaki wa sato zilikuwa na jina. Sijisifu, waulize madereva. Siku moja aliingia bwana ambaye tairi la gari lake lilipasuka mbele ya mlango wangu. Alikula sahani mbili. Alipoondoka nikakuta kikaratasi kigumu chini ya kisahani cha kikombe. Nikamkimbilia na unga mikononi, nikidhani amekisahau. Akacheka. Akaniambia ni changu, nikipata shida ya maji nimpigie. Alikuwa mhandisi wa maji.

Sikuwa na simu. Shida ya maji sikuwa nayo pia, shida yangu ilikuwa kuni. Lakini kile kikaratasi nilikibeba kifuani mchana kutwa, nikawa nakitoa nakitazama. Jina la mtu mzima, limechapwa kama la kwenye kitabu, na mimi ndiye niliyepewa.

Tangu hapo nikawa mgonjwa wa kadi. Wenzangu waliomba wateja wawaletee wateja wengine, mimi niliomba kadi. Mtu akimaliza kula, kabla hajafuta mdomo: "Una kadi, baba?" Wengine walishtuka. Wengine walijisikia wakubwa, wakazitoa mbili. Nina ya wakili wa Bukoba aliyekula maharage huku amelaza tai begani isichafuke. Nina ya mwuza nyavu. Nina ya fundi majeneza ambaye aliweka picha yake anacheka, na mpaka leo sijui alikuwa anamchekea nani. Zote zilinuka mchuzi wa samaki, na zile za mwanzo bado zinanuka ukizisogeza puani.

Nilizinunulia albamu ya picha Bukoba, ile yenye mifuko ya nailoni. Mfuko wa kwanza kabisa niliuacha wazi. Nikiulizwa, nilijibu kwamba huo ni wa mwanangu. Kemi alikuwa bado hajaota meno ya mbele.

Na kusoma alijifunzia humo. Alipotoka shule alikaa nyuma ya meza ya chapati, namwonyesha kadi, anasoma. Neno "mhandisi" lilimtoa jasho wiki nzima. Akishasoma, tunacheza: leo mimi wakili, kesho mimi daktari wa ng'ombe. Ile ya mpima ardhi ndiyo aliyoipenda kuliko zote, kwa sababu ilikuwa na picha ya kile chombo chenye miguu mitatu. Alisema kinafanana na kuku mwenye mguu wa ziada. Huyo mpima ardhi nilikuja kumpigia miaka mingi baadaye, Kemi alipomaliza kidato cha sita, nikamwuliza mtoto akitaka kazi kama yake anapita wapi. Namba ilikuwa bado inaita. Akanielekeza vizuri kama ndugu. Sasa mtu aniambie tena kwamba naokota takataka za watu. Baba Kemi alikuwa anasema hivyo. Siku hizi hasemi.

Kulikuwa na kadi nyingine moja, na hiyo ndiyo kiini cha haya ninayoandika. Kemi alipokuwa na miaka tisa alikata boksi la sukari, akaandika kwa kalamu nyekundu: KEMILEMBE, MKURUGENZI. Chini yake akaweka namba ya simu, 12345. Pembe moja iliungua kidogo kwa mshumaa. Nimeitunza hiyo kwenye ukurasa wa katikati wa albamu miaka yote, na kila mgeni wangu ameiona, atake asitake.

Basi Ijumaa iliyopita kondakta akanishushia bahasha kutoka Mwanza. Ndani, kadi ishirini mpya. Nililia, sifichi. Jioni Kemi akapiga, akaniambia atakuja Noeli na atakaa mpaka mwaka mpya. Halafu akasema, "Mama, ile ya boksi la sukari unayo bado? Nataka niziweke zote mbili mezani, nizione."

Nikamjibu, "Ninayo, mama. Imelala kwenye albamu kama askofu."

Akacheka kile kicheko chake cha utotoni. Nikajiapiza kwamba hata nyumba ikivuja, kadi ile ataikuta.

Hapo ndipo nilipojifanya mjanja. Nilitaka mfuko wa kwanza aujaze yeye mwenyewe kwa mkono wake, kwa hiyo sikuweka hata moja kwenye albamu. Nikaitoa ile ya zamani, nikaiunganisha na zile ishirini, nikazilaza zote ndani ya kikapu kidogo cha kahawa, chini kabisa. Kikapu hicho ni cha mama mkwe wangu, Ma Paulina, cha kusuka, chenye mfuniko. Sisi siku hizi tunawapitishia wageni kahawa za kutafuna kwenye sahani ya plastiki. Nikajisemea kikapu hakiguswi na mtu, na kabati kinamokaa ni kavu.

Jumamosi ilikuwa zamu yetu kupokea jumuiya ya sala. Watu wakajaa sebuleni, mimi nikawa jikoni nje na sufuria. Ma Paulina ana mtoto wa jicho, anaona watu kama vivuli, lakini heshima ya nyumba anaiona vizuri kuliko mimi. Akaona sahani ya plastiki ni aibu mbele ya katekista. Akatoa kikapu chake, akamimina kahawa juu ya kadi zangu, akaanza kupita.

Sasa kwetu mgeni hukaribishwa hivyo. Kikapu kinapita, unachukua kahawa mbili tatu, unatafuna, mazungumzo yanaanza. Ulichokigusa humo unakichukua. Ukirudisha ni kama umesema una neno na wenye nyumba. Wa kwanza akachota kahawa na kadi. Akaisoma, akaona jina la mtoto wa nyumba hiyo, karatasi nzuri, na aliyempa ni mzee wa nyumba. Akaiweka ndani ya Biblia. Wa pili akafanya hivyo hivyo. Nani asingefanya? Nilikuwa nimeshatangaza tangu alfajiri kwamba Kemi anakuja, hata kuku wa jirani wanajua. Walidhani wanaalikwa.

Nilipoingia na ndizi, katekista alikuwa anauliza waje siku gani. Na mama mkwe wangu, ambaye hajui kusoma hata herufi moja, akamjibu bila wasiwasi, "Jumamosi inayofuata Noeli. Saa sita."

Niliweka sufuria chini, nikafunua kikapu. Kahawa nne na vumbi.

Ile ya boksi la sukari haikuwemo.

Nikamwuliza Ma Paulina ametoa nini humo. Akasema ametoa kilichokuwemo. Sikuweza kuongeza neno mbele za watu, na walipoondoka nilikuwa na hasira kiasi kwamba sikuongeza pia.

Jumapili baada ya misa nikaanza kupita nyumba kwa nyumba. Mwanamke mzima, na gauni la kanisani, natafuta kipande cha boksi. Kila nyumba nilikuta kadi inayong'aa: hapa imechomekwa nyuma ya picha ya Familia Takatifu, pale kwenye fremu ya kioo, kwingine mtoto ameishika anamsomea bibi yake. Moyo ukawa unanijaa na kuniuma kwa pamoja. Jina la mwanangu kwenye kila ukuta, lakini lile alilojiandikia mwenyewe silioni.

Kuziomba zile mpya sikuthubutu. Kila nilipofika waliniambia wamepata, wanashukuru, watakuja wote na wakwe. Nikawa natoka na wageni zaidi ya nilioingia nao.

Kwa Ma Yusta ndiko nilikokoma. Huyu ni jirani yangu wa tangu naolewa, na mdomo wake haujawahi kupumzika. Nilimweleza ninachotafuta. Akanitazama kutoka kichwani mpaka kwenye viatu.

"Ma Kemi, miaka yote umeomba kadi za watu. Leo umekuja kuomba na ya kwako?"

Nilicheka kwa sababu ningefanya nini. Nyumbani nikalia kidogo. Jumatatu nikarudia nyumba nne ambazo sikuziamini. Jana nikachambua mpaka maganda ya jikoni. Nikafikiria kumwomba mtoto wa jirani aniandikie nyingine kwa kalamu nyekundu, nikaipitisha kwenye mshumaa. Naandika hili ili nione aibu vizuri. Boksi la sukari nilishalikata.

Leo asubuhi, mvua ikiwa bado kubwa, nilimpelekea Ma Paulina uji. Nikamkuta amekaa kitandani na kimfuko chake cha rozari, anapapasa kitu. Kikaratasi kinene. Pembe moja imeungua.

Nilisimama na bakuli mkononi. Nikamwambia, kwa sauti ambayo sijawahi kumtolea tangu niolewe, "Mama, siku tatu nazunguka kijiji kizima. Siku tatu."

Hakushtuka. Aliendelea kuipapasa. Akaniambia kwa Kihaya, polepole, kwamba alipokuwa anamimina kahawa mkono wake uliigusa, na hiyo hakuhitaji macho kuijua. Akaitoa kabla kikapu hakijaanza kupita.

"Hii hukupewa wewe, Ma Kemi," akasema. "Hii uliiazima."

Mwanzoni sikuelewa. Halafu nikaelewa, na uji ukawa mzito mkononi.

Kemi hakuikata mgahawani. Aliikata hapa, kitandani hapa, wiki ile bibi yake alipoumwa na mimi sikutaka kufunga mgahawa hata siku moja. Mtoto ndiye aliyebaki kumwuguza. Alikata boksi kwa mkasi wa bibi, akaandika, akamwekea mkononi na kumwambia, "Bibi, ukizidiwa nipigie." Na Ma Paulina, ambaye hakuwa na simu wala hakujua tarakimu, aliiweka kwenye sanduku lake pamoja na cheti cha ubatizo. Nilipoiona humo nilisema naiazima siku mbili, niwaonyeshe wateja wangu mtoto wangu alivyo na akili.

Siku mbili zangu zimefika miaka kumi na saba.

Na katika miaka hiyo nimewasimulia watu mia kwamba aliniandikia mimi. Nilisimulia mpaka nikaamini. Hata hapa juu, nimesoma tena, nimeandika tu kwamba alikata boksi, sikusema wapi wala kwa ajili ya nani. Siifuti. Ibaki hivyo, ionekane jinsi nilivyozoea.

Nilikaa kando yake kitandani. Nilimwambia anisamehe, na nikamweleza kwamba Kemi ameomba kuiona. Akasema ataiona. "Atakuja hapa nilipo, nitaitoa mimi. Nimwambie ninayo, nikizidiwa nimpigie." Akaulizia uji wake, umepoa? Ulikuwa umepoa. Akaunywa hivyo hivyo.

Sasa nimekaa barazani na albamu mapajani. Ukurasa wa katikati una mfuko mtupu wenye alama ya pembe nne pale kadi ilipokaa. Na wa kwanza bado ni mtupu. Nimepiga hesabu nikacheka peke yangu: Izigo nzima ina kadi ya mwanangu, kuanzia katekista mpaka Ma Yusta. Asiyekuwa nayo ni mimi, mkusanya kadi.

Sitamwambia Kemi anitumie nyingine. Watu wa siku hizi hawabebi tena kadi, ukimwomba mtu anakwambia nitajie namba nikubipu, na mgahawa wangu pale Muleba sasa ni duka la vifaa vya simu. Sijui kama nitamwuliza mtu swali lile tena baada ya mwaka huu. Kwa hiyo nataka kumwuliza yeye, kama nilivyowauliza wale wote. Nitampikia ndizi kwa sato, nitamwacha amalize, ashibe, na kabla hajafuta mdomo nitasimama mbele yake na aproni yangu ya zamani.

"Una kadi, mama?"

Mengine ninayo ya kufanya. Ndizi za kuivisha kwa ajili ya rubisi, pombe yetu, viti vya kuazima kanisani kigangoni, na hivyo nitavirudisha kesho yake, nimejifunza. Baba Kemi anauliza tutalisha watu wangapi. Nimemwambia aende akamwulize mama yake, ndiye aliyealika.

Kama una kadi, njoo nayo. Kama huna, njoo tu. Jumamosi inayofuata Noeli, saa sita.